Pole Zirudishwe Dirishani

Palikuwa na nchi moja, na bado ipo, ndiyo maana jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, hata kidogo. Jina lenyewe lipo kwenye kamati linafanyiwa mapitio, na mpaka kamati imalize vikao vyake raia tumeagizwa tuseme "huku kwetu" tu, tena tukipandisha sauti kidogo kwenye "kwetu" ili upendo usikike.

Basi huku kwetu kulikuwa na tamthilia ya televisheni iitwayo Mlango wa Uani. Ilianza zamani kweli, enzi zile televisheni ni ya mtaa mzima na mwenye nayo huitoa barazani. Kwa miaka ishirini na saba ilirushwa kila Alhamisi jioni, na ilihusu familia moja ya kawaida: baba, mama, watoto wanne, na chakula. Hakuna bunduki, hakuna majini. Watu wanakula, wananuniana, wanapatana. Nchi nzima iliipenda kwa sababu ndiyo nyumba pekee ambamo kila mtu alikuwa na uhakika kwamba sukari haijaisha.

Mama wa nyumba ile aliitwa Mama Chausiku. Kwenye kitambulisho alikuwa Sikujua Mfaume, umri miaka sitini na moja, hajaolewa, hana mtoto, ila jina hilo lilitumika hospitali tu. Sokoni, benki, msikitini, kote alikuwa Mama Chausiku. Wauza nyanya walimwongezea mbili tatu juu ya fungu: "Chukua mama, una midomo ya kulisha wewe." Naye anazichukua hizo nyanya za watu sita, anakwenda nazo kwenye chumba chake kimoja, anapika moja. Zinazobaki anaziangalia tu kwenye kikapu, hazitupi mpaka zianze kutoa maji. Alikuwa mpweke, tuseme tu ukweli, wala huo upweke haukuwa wa kuigiza.

Mume wake katika tamthilia alikuwa Mzee Ngwali, aliyeigizwa na marehemu Idarusi Makame. Ndiyo, marehemu. Hapo ndipo kazi ilipo.

Idarusi alifariki miaka tisa iliyopita, Jumatatu asubuhi. Alitoka kwenda kununua wembe, presha ikampanda, akaanguka mlangoni mwa duka. Watayarishaji wakaandika kipindi cha msiba mbiombio, kikapelekwa wizarani kupitiwa, kikarudi na mhuri mwekundu. Kumbe ipo Sheria ya Hifadhi ya Wakuu wa Kaya. Sheria hiyo inasema hivi: kwa kuwa Kiongozi wetu mpendwa ndiye Mkuu wa Kaya Kubwa, yaani nchi, basi hakuna mkuu wa kaya ndogo yoyote atakayeugua, atakayezeeka ghafla, wala kufa katika televisheni ya taifa, watu wasije wakaanza kupata mawazo. Taarifa rasmi ikatoka siku ileile: "Msanii amefariki dunia. Mhusika anaendelea vizuri."

Ndivyo Mzee Ngwali alivyokuwa safarini. Kila Alhamisi Mama Chausiku alipakua sahani ya mumewe, akaifunika kwa kawa, akautazama mlango, akawaambia watoto, "Baba yenu yuko njiani." Miaka tisa njiani! Na hakuna aliyeshangaa, maana barabara zetu tunazijua.

Kwenye mazishi ya Idarusi yeye alikwenda kama mtu baki. Idarusi alikuwa na mke wake halali na wajukuu, watu wa heshima zao, na hapakuwa na jambo lolote la kificho kati yake na Bi Sikujua. Alikuwa mume wake wa kazini tu, Jumatatu mpaka Jumatano, miaka kumi na minane. Lakini jamani, miaka kumi na minane ukimpakulia mtu wali, unajua anapenda ukoko. Unajua anatafuna upande mmoja. Idarusi alikuwa haigizi kula, anakula kweli, na mara nyingi alitupia maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "Leo chumvi imekukimbia, mke wangu." Msibani pale Bi Sikujua alikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na wanawake walipomtambua walimsogelea kwa furaha wakamuuliza, "Mama Chausiku, mzee anarudi lini?" Hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Wangempa pole ya nini? Mume wake alikuwa safarini.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka kukaa mkekani, watu waje, wamwambie pole, basi.

*

Mwaka huu fedha za Mlango wa Uani zikakata. Waziri wa Habari, Utulivu na Mambo Yanayokwenda Vizuri, Mheshimiwa Profesa Sungwi, akaita waandishi.

"Ndugu wanahabari," alisema, "serikali haina upungufu wa fedha. Serikali ina ziada ya mahitaji." Makofi. "Kwa hiyo misimu mipya ya tamthilia yetu tukufu itatafutiwa mbia wa kuitiririsha."

Mwandishi mmoja mgeni wa kazi akauliza kutiririsha ni nini. Mheshimiwa akasema hilo ni swali zuri sana, akanywa maji, mkutano ukaisha.

Kutiririsha, kwa sisi tusiojua, ni kuangalia picha kwenye simu kwa kulipia kila mwezi, unaangalia unachotaka, wakati unaotaka, mpaka bando liishe. Kampuni za ng'ambo zenye mitambo hiyo zina fedha na hazina hadithi. Tamthilia za siku nyingi zina hadithi na hazina fedha. Basi zinakutanishwa, kama posa vile. Tofauti ni kwamba kwenye posa anayetoa mahari hamwambii bibi harusi abadilishe pua.

Mbia wa kwanza alifika, akasema tamthilia ni nzuri sana, ila watoto wanne wawe wawili, na mmoja wao awe mpelelezi. Wa pili alitaka familia ihamie ghorofa ya arobaini. Akaulizwa, na huo mlango wa uani utakuwa wapi? Akajibu kwamba uani utakuwa wa kidijitali. Hawa wawili waliagwa kwa heshima, wakapewa vinyago.

Akabaki wa tatu, Kampuni ya Mfereji. Fidelis Nguma, mtayarishaji, ambaye aliianza kazi akiwa mvuta nyaya na sasa ana mvi, alimfuata Mama Chausiku nyumbani. Alikuta kikapu cha nyanya, akakisogeza, akakaa.

"Mama, hawa wakikataa tumekwisha. Pale tuko watu thelathini na wawili. Mimi sijui kazi nyingine."

"Hata mimi sijui nyingine, Fideli. Nitakuja. Ila nataka kitu kimoja. Nataka nimzike."

"Nani?"

"Usijifanye humjui."

Nguma akainamisha kichwa. Alimjua. Yeye ndiye aliyeandika kile kipindi cha msiba, na bado alikuwa nacho kabatini, na mhuri wake.

*

Mwakilishi wa Mfereji aliitwa Bwana Torben, mtu mrefu, mpole, anayevaa viatu bila soksi. Alikuja na mkalimani wa serikali, Bi Yusta, na mchoro mkubwa wenye mistari inayopanda na kushuka.

"Tulipandisha vipindi vyenu vya zamani kwa majaribio," alieleza, Bi Yusta akitafsiri. "Sisi tunajua mtazamaji anapochoka, anaporudisha nyuma, anapokwenda chooni. Tazameni hapa. Dakika ya ishirini na mbili. Mama anafunika sahani, anatazama mlango kwa sekunde nne. Watu wa nchi arobaini na moja wanarudisha nyuma hapo. Wengine mara sita." Akamgeukia Mama Chausiku, akaweka mkono kifuani kwa unyenyekevu. "Mama, upweke wa namna hii studio haiwezi kuutengeneza. Tumejaribu."

Akatoa ahadi: misimu sita mipya, kwa gharama zote za kampuni. Sharti lilikuwa moja. Mzee Ngwali asirudi, na asife.

Mheshimiwa Sungwi alisimama kwa pupa mpaka kiti kikaanguka. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu! Kwa mara ya kwanza katika historia, soko na serikali wamekutana pamoja bila kusukumana!" Makofi yakapigwa, na waliochelewa kupiga wakaandikwa majina.

"Naomba kuuliza," akasema Mama Chausiku.

"Uliza, mama yetu."

"Misimu sita ni miaka mingapi?"

"Sita. Labda saba."

"Nitakuwa na sitini na nane. Na mimi nikifa?"

Mheshimiwa akapekua sheria, akasoma mpaka mwisho, uso ukamng'ara. "Mama wa kaya hajatajwa humu," akasema kwa upole. "Wewe unaweza kufa."

"Basi nipeni kipindi kimoja. Kimoja tu. Nikae mkekani, tummalize mzee, halafu mnifanye mnavyotaka."

"Mama," Nguma akanong'ona, "tafadhali."

Bwana Torben akasikiliza tafsiri, akaonyesha mstari kwenye mchoro ungeporomokea wapi siku ambayo mzee atakufa. Uliporomoka mpaka nje ya karatasi. Sahihi zikapangwa Jumamosi ya wiki hiyo.

*

Kesho yake, Jumanne asubuhi, Mama Chausiku alijifunga kanga mbili akaenda Redio ya Taifa, dirisha la matangazo ya vifo.

Dirisha hilo lilikuwa na Bwana Elisante, mtumishi wa miaka thelathini na moja. Bwana Elisante hakuamini mengi hapa duniani, lakini aliamini fomu. Fomu iliyojaa kwake ni fomu iliyojaa. Hajawahi kuuliza swali ambalo halina nafasi yake ya kujazia.

"Jina la marehemu?"

"Ngwali."

"Ngwali nani?"

"Ngwali tu. Hawakumpa la pili."

"Amefariki lini?"

"Miaka tisa iliyopita. Jumatatu."

Bwana Elisante akamtazama juu ya miwani. "Mbona mmechelewa?"

"Tulikuwa tunasubiri kibali."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Jibu hilo huku kwetu halihitaji maelezo. "Uhusiano wako na marehemu?"

"Mke."

"Ndoa ya dini, ya serikali au ya kimila?"

Kudanganya Mama Chausiku hakuweza, si kwa jambo hili. "Ya televisheni," akasema.

Kidole cha Bwana Elisante kikashuka taratibu kwenye fomu, kikapita dini, kikapita serikali, kikapita mila, kikafika kwenye "Nyinginezo". Akaweka alama ya vema. Kisha akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni.

"Mama Chausiku! Kumbe mzee alishafariki?"

"Alishafariki, baba."

"Mimi na mke wangu tulikuwa tunasema. Tulisema, huyu mtu hawezi kuwa anasafiri tu." Akagonga mhuri. "Haya. Fomu imekamilika."

Saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari iliyosema hakuna habari mbaya, muziki wa taratibu ukapigwa, na sauti ikasoma nchi nzima: "Bi Mama Chausiku anasikitika kutangaza kifo cha mumewe mpendwa, Mzee Ngwali, kilichotokea miaka tisa iliyopita. Habari ziwafikie watoto wake wanne, majirani na watazamaji wote popote walipo. Matanga yapo nyumbani kwa marehemu, Studio Namba Mbili."

Weee! Saa nane haijafika, barabara ya studio ilikuwa imejaa. Watu walikuja na mikeka, na mchele, na sukari, na kuni, kwenye nyumba ya mbao na rangi ambayo haikuwa hata na paa. Walinzi walitaka kuzuia, lakini utamzuiaje mtu anayekwenda msibani? Wao wenyewe walivua kofia. Wanaume wakakaa nje kwenye viti vya mafundi umeme, wanawake wakaingia ndani, wakamkuta Mama Chausiku ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ukuta unayumba kidogo.

"Pole, mama."

"Ahsante."

"Pole sana, mama. Mola akupe subira."

"Ahsante, mwanangu."

Alilia. Alilia machozi ya miaka tisa, kamasi na kila kitu, na hakuna aliyemwambia geuka upande huu wa taa. Akawasimulia Idarusi alivyokuwa anakwangua ukoko, alivyokuwa anavua viatu chini ya meza kwa sababu vya kuigizia vilimbana. Waliosikia wakacheka, wakafuta macho. Mzee mmoja wa makamo alimshika mkono, akasema hakujua amwite marehemu kwa jina lipi kati ya mawili, basi anampa pole kwa yote. Mama Chausiku alilala palepale mkekani katikati ya wanawake asiowajua, na Jumatano akaamka bado yuko katikati yao, uji unachemka. Moyo wake ulikuwa umetulia. Kwa siku moja alikuwa mjane, na hakuna kitu alichowahi kupewa kikamfaa kuliko hicho.

*

Jumatano mchana taarifa kwa umma ikasomwa. Ilikuwa fupi.

"Kwa mamlaka aliyopewa kisheria, Mheshimiwa Waziri ametengua kifo cha Mzee Ngwali. Utenguzi huu unaanza mara moja. Mhusika anatakiwa kuendelea na safari yake."

Bwana Elisante alipewa cheti cha utumishi uliotukuka na barua ya kuachishwa kazi, katika bahasha moja.

Mambo yangeishia hapo, lakini Bwana Torben alikuwa na swali. Alitaka kujua wale watu wote walikuwa wanamwambia nini mwigizaji wake. Bi Yusta akamweleza: pole. Pole ni nini? Hapo ndipo Bi Yusta alipokwama, maana katika lugha ya kampuni pole haimo. Wana neno moja tu, wanalomwambia mtu aliyefiwa, na hilohilo analisema mtu aliyekukanyaga, na hilohilo analisema dereva aliyegonga gari lako. Akalitumia, afanyeje?

Bwana Torben akabadilika rangi. Akapiga simu kwa wanasheria wa kampuni, nao wakajibu kwa barua ya kurasa kumi na moja. Kama maelfu ya watu wanamwomba radhi mwigizaji mkuu, wamemfanyia nini? Nani amekiri kosa? Kampuni haitasaini mkataba na mtu anayedai radhi za umma mzima. Radhi hizo zifutwe kwanza, mojamoja, kwa ushahidi.

Serikali haijawahi kushindwa na jambo la namna hiyo. Ijumaa likatoka tangazo: wananchi wote waliotoa pole, rambirambi, au kushika mkono kwa namna ya kusikitika, wafike Studio Namba Mbili Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi kuzichukua. Asiyechukua pole yake atahesabika amemfisha mkuu wa kaya kwa makusudi. Foleni ikiisha, mkataba utasainiwa.

Nguma akaja tena kumwona, hakukaa. "Mama, ni maneno tu. Waache wayachukue. Wakimaliza unaweka sahihi, tunarudi kazini, kila kitu kama zamani."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema Mama Chausiku.

Lakini akaenda. Angefanyaje? Watu thelathini na wawili, na yeye mwenyewe hakuwa na kwingine kwa kwenda siku za Jumatatu.

*

Jumamosi wakamweka nyuma ya dirisha, kwenye ile nyumba ya mbao, sebuleni kwake. Pembeni alikaa Afisa Urejeshaji, Bwana Sawaka, na kitabu kikubwa. Nyuma yao walisimama Mheshimiwa, Bwana Torben, Bi Yusta, na Nguma aliyeshika kalamu ya sahihi. Foleni ilitoka dirishani, ikapita getini, ikapinda kwenye kona ya mafundi seremala. Kila mtu alitakiwa kumtazama Mama usoni na kusema: "Naichukua pole yangu niliyoitoa kwa makosa."

Watu wetu ni waungwana na wana watoto. Walikuja. Walipanga mstari.

"Naichukua pole yangu niliyoitoa kwa makosa," akasema mwanamke wa kwanza. Ndiye aliyempikia uji. Aliitazama sakafu.

"Usoni," akasema Bwana Sawaka.

Akamtazama usoni. "Usinikasirikie, mama."

"Sijakukasirikia. Chukua."

Akaja mwingine, na mwingine. Mmoja alichukua mbili, yake na ya mama yake mgonjwa. Yule mzee aliyemshika mkono alitakiwa aushike tena kisha auachie, na alipouachia aliomba maji ya kunywa. Wengine walijitahidi kuitamka haraka iishe. Mwanamume mmoja aliisema kwa sauti kubwa ya kizalendo, Mheshimiwa akamwitikia kwa kichwa.

Mama Chausiku alikuwa amejiambia kwamba ni maneno tu, kama alivyosema Nguma. Haikuwa hivyo. Kila aliyeondoka aliondoka na kitu. Saa nne alianza kusikia baridi, jua linawaka. Saa sita alijaribu kumkumbuka Idarusi akicheka na hakumpata vizuri. Aliona aibu pia, aibu ya mtu anayevuliwa nguo mbele za watu, kipande kimoja kimoja, tena kwa adabu. Upweke wa miaka tisa aliuzoea, ulikuwa wake. Huu wa leo ulikuwa mwingine, wa mtu aliyeonjeshwa watu halafu akanyang'anywa.

Kufikia saa tisa mstari ulikuwa umebaki watu wachache, kisha watatu, kisha mwanamke mmoja wa miaka kama arobaini, amebeba mkoba wa plastiki, viatu vyake vimeshonwa vizuri kuliko nguo zake.

"Jina, na siku uliyotoa pole," akasema Bwana Sawaka bila kuinua kichwa.

"Sikutoa."

"Sasa unarudishiwa nini?"

"Sirudishiwi kitu."

"Dada, hii foleni ni ya kurudishiwa pole."

"Najua. Lakini ndiyo foleni pekee inayofika kwake." Akamgeukia Mama Chausiku. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mume wangu walikuja kumchukua nyumbani. Nilipofuatilia wakaniambia amehamishwa kikazi. Huu ni mwaka wa sita."

"Alikuwa mtumishi wa idara gani?" akauliza Bwana Sawaka, kalamu tayari.

"Fundi viatu."

Kalamu ikasimama. Mheshimiwa Sungwi akakohoa, akaangalia saa yake.

"Nikienda kuuliza, naambiwa subiri, ataandika," akasema yule mwanamke. "Nikilia, majirani wanafunga madirisha. Si wabaya, mama. Wananipenda. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole, kwa sababu ukishaniambia pole utakuwa umesema kitu. Sasa nikasikia redioni kwamba wewe umepewa. Nikasema niende, labda utanigawia. Hata iliyokwisha kutumika."

Za Mama Chausiku zote zilikuwa zimeandikwa kwenye kile kitabu kwamba zimechukuliwa. Akasukuma kiti, akaizunguka meza, akapita mbele ya Bwana Torben bila kumwomba njia, akafungua mlango, akatoka nje kwenye jua mpaka kwa yule mwanamke.

"Mumeo anaitwa nani?"

Mwanamke akamtazama Mheshimiwa, akawatazama askari wawili wa getini. Ilionekana hajalitaja kwa sauti siku nyingi.

"Hemedi," akasema. "Hemedi Kilua."

"Pole, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na Hemedi."

"Usiseme kufiwa!" Bwana Sawaka akapiga kelele. "Mama, hilo neno halipo kwenye utaratibu!"

Yule mwanamke akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaachia kilio, kilio cha sauti, mkoba umeangukia pembeni. Mama Chausiku akakaa naye, akamweka kichwa begani. Alikuwa analia na yeye, wala hakujua tena analia msiba wa nani.

"Anasema nini?" Bwana Torben akamuuliza mkalimani. "Anasema nini?"

Nguma akaiangalia kalamu aliyoishika, akaitia mfukoni.

Waliokwisha kuchukua pole zao hawakuwa wamefika mbali. Walisimama kwenye kona ya seremala, wakitazama. Kisha mwanamume mmoja, yuleyule aliyesema kwa sauti ya kizalendo, akarudi taratibu, akasimama nyuma ya yule mwanamke aliyeketi, mahali ambapo mtu angesimama kama foleni ingekuwa bado ipo. Akavua kofia. Nyuma yake akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Nyuma ya mama yule wakaja wengine.

"Foleni imefungwa!" akasema Bwana Sawaka. "Nendeni! Imefungwa!"

"Mdogo wangu," akasema mwanamume mwenye kofia, na ile sauti yake kubwa haikutoka. "Alikuwa mwalimu. Walisema yuko semina."

Mama Chausiku akainua uso, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Anaitwa nani?"